Ushauri: mabaka ya udongo mtupu yanapanuka malishoni, Nakasongola, Uganda

MfugajiNaka: Habari zenu ndugu zangu. Nina eka 12 za malisho na ng'ombe 20 wa kienyeji. Mabaka matupu yanazidi kupanuka, mvua ikinyesha maji yanatelemka tu, na mchwa wanamalizia nyasi zilizobaki. Mikaratusi niliyopanda imenyauka. Jirani ananiambia nilime kwa trekta nipige na dawa ya mchwa. Nianzie wapi?

Nyasi_Kwanza: Anza na hesabu ya ng'ombe, trekta iache kwanza. Ng'ombe wa kilo 250 hula kilo 6 hadi 7 za majani makavu kwa siku, yaani zaidi ya tani 2 kwa mwaka. Tuseme eka moja inakupa tani 2 (na kwa hali unayoeleza haifiki huko), nusu yake lazima ibaki ardhini kulinda mizizi. Eka 12 zinabeba ng'ombe 5. Wewe una 20. Wengi hapa kwenye ukanda wa ng'ombe, yaani eneo kavu la wafugaji kuanzia Karamoja kaskazini-mashariki hadi Isingiro kusini-magharibi, wanalaumu jua, lakini Nakasongola ina misimu 2 ya mvua. Tatizo ni kwamba mvua haiingii: kwato zimeshindilia udongo, matone yakaufunga juu ukawa kama saruji. Mwaga nusu lita ya maji kwenye baka, nusu nyingine chini ya kichaka, utaona tofauti.

Kichuguu: Dawa ya mchwa ni kupoteza pesa. Mchwa wa vichuguu hula majani makavu na vijiti. Ng'ombe na wachoma makaa wakivimaliza hivyo, mchwa wanageukia nyasi. Ukiua kichuguu kimoja, cha jirani kinajitanua.

Tumia zizi la usiku linalohama. Zungushia baka miiba, mita 15 kwa 15, laza ng'ombe wote humo wiki 2, kisha hamia baka jingine. Samadi inawapa mchwa chakula kingine, na wakiichimbia wanatoboa lile tabaka gumu. Mvua za kwanza zikianza, tawanya mbegu ya nyasi ya Rhodes, kama kilo 4 kwa eka, usiifukie zaidi ya sentimita 1. Mbegu iliyovunwa juzi haioti vizuri, iache ikae miezi 3 au zaidi. Na usichunge hapo mpaka nyasi zimwage mbegu.

Mkinga_Maji: Kwenye mteremko samadi itasombwa. Chimba nusu mwezi kwanza, yaani mashimo ya nusu duara yaliyo wazi upande wa juu wa mteremko: upana mita 4 kutoka ncha hadi ncha, kina sentimita 25, udongo wote uweke upande wa chini uwe tuta, uukanyage. Kila shimo hushika kama lita 1,500. Safu ya pili ikae kwenye mianya ya safu ya kwanza. Ncha zote mbili lazima ziwe sawa kwa pimamaji. Ncha moja ikiwa chini hata kwa vidole vinne, maji yote yanapita hapo, tuta linakatika, na badala ya baka unakuwa na korongo.

Kisiki: Mikaratusi michanga ndiyo chakula cha mchwa, hasa ikipata kiu. Kwa nini ununue miche wakati visiki vya migunga iliyokatwa kwa makaa bado viko hai? Kiangazi, chagua machipukizi 3 hadi 5 yaliyonyooka kwa kila kisiki, kata mengine, pogoa matawi hadi nusu ya urefu. Panga lipande kutoka chini kwenda juu, ukikata kushuka gome linachanika na mti unaoza. Mbuzi wasikaribie mwaka wa kwanza.

MfugajiNaka: Asanteni. Kwa hiyo ng'ombe 15 niuze wote?

Nyasi_Kwanza: Si kwa mkupuo. Toa madume ya ziada na majike yasiyozaa, na uwauze Novemba wakiwa wamenona, kabla kiangazi hakijashusha uzito na bei. Wengine wakodishie malisho ya mchana kwa mtu, usiku walale kwako, maana bila samadi zizi la Kichuguu halifanyi kazi. Baki na wa kukutosha kufufua baka moja baada ya jingine.