Tupeane uzoefu: vichaa wa kwenye muvi na wale uliowakuta wodini

Wakuu habari za Jumapili.

Mwaka juzi mdogo wangu alilazwa wodi ya magonjwa ya akili, wiki tano. Siku ya kwanza naenda kumwona nilikuwa naogopa kuliko yeye, maana kichwani nina zile picha za muvi, korido ndefu zenye giza, watu wanapiga mayowe, nesi mkali ameshika sindano kama ya ng'ombe. Nafika nakuta wanaume kama kumi na mbili wamekaa kwenye mabenchi wanaangalia muvi ya Kinaijeria, tena ile ya jamaa anayemtoa mkewe kafara apate hela halafu mwisho anakuwa chizi anazunguka sokoni na chupi. Wagonjwa wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mzee mmoja akanigeukia, "Mwanangu, huyu hajui kuigiza. Chizi gani hana hata kiu?"

Sikumwelewa. Nilikuja kumwelewa baada ya dogo kuanza dawa, mdomo unamkauka mpaka maneno yanagoma kutoka, anamaliza jagi zima la maji na bado anaomba. Kiu hiyo sijawahi kuiona kwenye muvi hata moja.

Haya tiririkeni. Wewe au mtu wako aliugua, ulichokuta kilifanana na hadithi ulizokuwa unajua?

Konda Mstaafu
Mkuu mimi nishawahi KUCHEZA chizi, bongo muvi moja hivi ya mtaani. Nikapakwa jivu na masizi, nikafungwa viroba, nikapewa kopo la kuongea nalo. Dairekta anasema ongeza udenda, ongeza udenda. Stori yenyewe mama mkwe kaniroga, mchungaji anakuja dakika ya mwisho ananiwekea mikono napona hapohapo, nanyoa, navaa suti, narudi kwa mke wangu. Sasa kuna kijana alikuwa anatushikia lile bati la kurudisha mwanga, mtaratibu, nguo zimepigwa pasi, ndiye aliyekuwa anajua kuhesabu hela za msosi bila kukosea. Siku ya tatu akaomba ruhusa. Dairekta anamuuliza unaenda wapi, anajibu naenda kliniki ya akili nina sindano yangu ya mwezi. Seti nzima ikacheka ikadhani utani. Akaenda akachoma, saa nane akarudi akashika bati lake. Mimi udenda uliniisha siku ile.

nesi_zamu_ya_usiku
Naomba niongelee ile tiba ya umeme wa kichwani maana ndugu wa wagonjwa wanauliza hilo kabla hata ya salamu. Wengi wametoa picha kwenye ile muvi ya Marekani ya mwaka 1975, One Flew Over the Cuckoo's Nest, jamaa anashikwa na watu kadhaa anapigwa umeme yuko macho. Ile muvi walipigia kwenye hospitali ya kweli ya wagonjwa wa akili huko Oregon na mkuu wa hospitali ndiye aliyecheza kama daktari, kwa hiyo watu wanaamini ndivyo ilivyo mpaka kesho. Tiba hiyo ilianza Roma mwaka 1938 na kweli mwanzoni ilifanyika mtu akiwa macho, hawakuizua. Lakini inavyotakiwa kufanyika siku hizi mgonjwa anapewa usingizi na dawa ya kulegeza misuli, mtetemo wenyewe kwa kawaida hauzidi dakika moja hivi, akiamka ana usingizi usingizi anaulizia chai. Kusahausahau kupo, sitawadanganya.

Na yule nesi katili mnayempenda kwenye muvi, mimi nimewahi kuwa zamu tukiwa wawili kwa wagonjwa arobaini na kitu, ukatili ningeutolea wapi muda? Kilichowahi kuniliza ni ndugu kuandika namba ya simu ya uongo siku ya kumlaza mtu wao. Mgonjwa kapona, kavaa, kakaa na begi lake kwenye benchi, unapiga unaambiwa namba haipo.

Binti wa Likoni
Mie yangu ni ya uzazi. Kwenye tamthilia mwanamke akirukwa na akili basi ni mapenzi, ama ni jini, analia na nywele timtim. Mie nlipojifungua wa pili nlikuwa na RAHA jamani, hiyo mbona hawaonyeshi? Silali siku nne, saa tisa usiku nakunja nepi moja moja kwa rangi, nimeshapanga kununua matatu sita, nampigia shangazi Lamu nimpe kazi ya umeneja. Mama akafurahi mwanzoni, asema mwanangu kapata nguvu. Walishtuka nlipotaka kumwogesha mtoto baharini usiku. Nyanya akaita mtu wa kusoma, kasoma, kisha yeye mwenyewe huyo shekhe ndiye aliyesema mpelekeni hospitali huyu halali. Allah amlipe.

Mwl_Ukerewe
Riwaya ya Kichwamaji ya Kezilahabi, 1974, tuliisoma chuoni. Kazimoto, mhusika mkuu, anajiua mwishoni. Tulijaza kurasa na kurasa, ukengeufu, udhanaishi, mgongano wa mila na usasa, semina tatu nzima na hakuna hata mmoja aliyetaja neno sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Na kati yetu darasani kulikuwa na mmoja aliyeacha kuja wiki ya nne, tukasema mvivu. Sitaki kuendelea.

Otieno wa Kayole
Huku ukikosana na mtu anakwambia rudi Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili hapa Nairobi, wenzetu wa Tanzania naskia mnasema Mirembe. Mimi stori yangu ni brathe. Tuliona A Beautiful Mind pamoja, ile ya profesa wa hesabu John Nash anayeona watu ambao hawako, na baadaye brathe alipoanza kuskia sauti tukakaa tukingoja aone watu, hakuona mtu hata siku moja, kwa hivyo tukasema hiyo si ugonjwa ni bangi. Kumbe hata Nash mwenyewe shida yake ilikuwa sauti, hao watu ni muvi iliwaongeza. Pia kwa muvi anasema anatumia dawa mpya, na kwa ukweli aliacha dawa 1970. Brathe alipojua hiyo akaacha zake pia. Tulirudi wodi baada ya miezi miwili. Hapo sijui nimlaumu nani, muvi ama ukweli.

Mzee wa Kupinga
Mnawaonea waandishi bure. Hadithi ni hadithi, mkitaka kliniki nendeni kliniki. Nani atalipa aone mtu anameza kidonge miaka kumi na mbili?

Konda Mstaafu
Mzee wewe hujawahi kupakwa jivu.

(mwenye uzi)
Nimewasoma wote, na dogo kasoma, yuko hapa pembeni na jagi lake. Kwa Mzee wa Kupinga anasema anakubali nusu, yeye mwenyewe hiyo muvi ya kidonge asingeangalia. Ameniambia niandike kwamba maharage ya pale hayakuwa na chumvi, na kwamba yeye na yule mzee wa kiu waliruhusiwa wiki ileile. Juzi kampigia simu saa nne usiku. Dogo akaogopa akajua mambo yameharibika tena. Mzee alikuwa anauliza kama ile muvi ya Kinaijeria ina part two.