Masta ya klachi kwenye boneti iliyobana, wagosi tupeane uzoefu

Wagosi habarini. Naanza mimi. Hilux ya zamani, juzi natoka Muheza, kufika Pongwe pedeli ya klachi inazama yenyewe taratibu nikiikanyaga, gia ya kwanza inakwaruza. Chini hakuna hata tone nikajua gia boksi imekwisha (nikaanza kupiga hesabu ya ng'ombe wa kuuza). Kumbe masta, ile pampu ndogo ya mafuta inayosukumwa na pedeli, inavujia ndani, nakunja kapeti nakuta mafuta ya breki yametiririka na rangi imebabuka.

Kuitoa sasa! Nati mbili ziko ndani juu ya pedeli, nimelala chali kichwa chini miguu kwenye siti, na kule mbele busta ya breki imekaba, spana haigeuki hata robo. Nati ya paipu, namba 10, nikaitia spana ya kawaida ikala pembe zote. Nyie mlifanyaje?

*Wa Ngamiani:*
Pole mgosi. Pale inatakiwa spana ya ringi iliyokatwa mdomo. Ila mimi balaa langu lilikuwa kwenye kufunga, nilikaza masta kwanza ndo nikaleta paipu, ikaingia upande, uzi wa masta mpya kwaheri siku hiyohiyo. Siku hizi masta naiacha inacheza, paipu naianza kwa vidole mpaka iingie mizunguko kama mitatu hivi, ndo nakaza vingine.

*Wa Pangani:*
Sisi upepo ndo ulitutesa, shemeji kanyaga, shika, achia, mpaka magharibi pedeli bado laini. Fundi mzee akacheka akaitoa masta akaijaza mafuta mezani kwenye jiliwa, akaisukuma mpaka mapovu yakaisha, kurudisha dakika chache imekaza. Ile spana ya ringi iliyokatwa mdomo ninayo.

*Wa Makorora:*
Mimi nilibana matumizi nikabadili mpira tu, silinda ndani ilishakula kutu, miezi miwili inavuja tena. Halafu kijana akaniongezea oili ya injini, mipira ikavimba mpaka ya masta ya chini, ile ya kwenye gia boksi!!

*Mwanzisha mada:*
Asanteni. Imekaa lakini mlimani klachi inateleza, nahisi kile kijiti cha kusukuma nimekiacha kirefu, pedeli haina uhuru kabisa, pistoni hairudi mwisho. Nati ya paipu nayo inatoa jasho. Mgosi wa Pangani, Jumamosi nakuja kuazima spana, nikifika na gari.