Chaneli zote kwa pamoja au moja tu mpaka ikubali?

Kibatari: Wadau habari za muda huu. Nina ubishi na mwenzangu wa kazini umetushinda kuumaliza. Yeye anasema ukitaka kuuza mtandaoni lazima uunganishe kila kitu, Instagram, matangazo ya Google, barua pepe, tovuti, meseji za WhatsApp, vyote vivute kamba moja. Mimi nasema kwa bajeti ndogo hiyo ni kumwaga maji mchangani, shika chaneli moja mpaka ikubali afu ndo uhamie nyingine. Nani yuko sahihi? Nawasilisha.

NdegeMnana: Mwenzako yuko sahihi. Mtu haoni tangazo mara moja akanunua, leo kaona video, wiki ijayo anatafuta jina lako Google, anaingia kwenye tovuti anachungulia anatoka, afu siku moja anakutana na tangazo lako tena ndo anatoa hela. Ukitoa kipande kimoja hapo umempoteza. Ila barua pepe iache, hiyo ya wazee, nani anasoma.

BiMkubwa_Tena: "Ya wazee". Haya, mimi mzee. Nimekusanya majina ya wateja mmoja mmoja kwa miaka, na wanasoma, wengine wananijibu mpaka salamu. Wewe hao wafuasi unaowahesabu si wako, ni wa mwenye mtandao, kesho akibadilisha algoridhimu posti yako wanaiona ndugu zako tu.

NdegeMnana: Sijakuita mzee mama, nimesema barua pepe. Imekuwaje umejua unasemwa wewe 😀

BiMkubwa_Tena: Adabu kidogo kijana.

Chokochoko: Mnana umechokoza nyuki. Ila ana hoja, hizo barua za matangazo zimeanza 94 huko, watu washazichoka.

Mzee_wa_Seva: Si 94 bwana. 94 unachanganya na yale mabango ya mwanzo kwenye tovuti, ile tovuti ya HotWired na tangazo la kampuni ya simu ya AT&T. Barua pepe ya matangazo inayotajwa kuwa ya kwanza ni 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya DEC aliwatumia watu kama 400 kwenye ARPANET, ule mtandao uliotangulia intaneti, anwani zikawa nyingi mpaka zikafurikia ndani ya barua yenyewe. Watu walifura, na bado mwenyewe alikuja kudai imemuuzia mashine za mamilioni ya dola.

Chokochoko: Kwa hiyo huyo ndo baba wa spamu, hizi barua za matangazo usizoziomba? Tumlaani au tumshukuru?

Mzee_wa_Seva: Tumlaani.

BiMkubwa_Tena: Mimi situmi spamu, naomba ieleweke.

Shangazi_Hesabu: Jamani. Tarehe 4 Oktoba 2021 mnaikumbuka? Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima kwa pamoja kama masaa 6. Namjua mtu alikuwa anajisifia ana chaneli tatu, siku ile ndo akagundua ana vyumba vitatu vya mwenye nyumba mmoja. Na mnabishania idadi wakati shida ni kujua nani kamleta mteja. Mwezi uliopita dashibodi ya kwanza, ule ukurasa wa takwimu za matangazo, inadai imeniletea oda 70, ya pili 55, ya barua pepe 40, jumla 165. Nikafungua daftari la mauzo, oda 90! Mteja ni yuleyule, kaona tangazo huku, kabofya kule, kafungua barua, na kila mmoja kamwandika wake.

NdegeMnana: Daftari tena jamani 😂 na wewe upo kundi la bi mkubwa nini.

Shangazi_Hesabu: Daftari halinidai hela ya matangazo mwanangu.

Kibatari: Kwa hiyo nimeshinda? Kama haijulikani ipi inaleta si bora kubaki na moja?

Chokochoko: Bora hata hiyo moja isiwe ya kulipia. Kuna wakubwa, Amazon kama sikosei, walizima matangazo ya Google na hawakupungukiwa kitu. Wizi mtupu.

Shangazi_Hesabu: Ni eBay, wale wa soko la mtandaoni, na walianzia kwenye utafutaji wa Yahoo na MSN, 2012. Walichozima kwanza ni tangazo la jina lao, yaani mtu kashaandika eBay mwenyewe na bado unamlipia aje, sasa lilipotoka karibu wote wakapita linki ya bure. Kwenye Google eBay walikuja kujaribu baadaye kwa maneno mengine yasiyo jina lao, na hapo wateja wa siku zote hawakuhitaji tangazo, ila wageni na wale wa mara mojamoja liliwaleta kweli. Kwa hiyo si wizi, ni kujua unamlipia nani. Kibatari hujashinda wala hujashindwa, zima kitu kimoja wiki mbili, vingine usiviguse, afu soma daftari usisome dashibodi. Barua pepe ni rahisi zaidi, gawa orodha nusu kwa nusu bila kuchagua, nusu watumie, nusu waache, linganisha manunuzi.

BiMkubwa_Tena: Nusu ya wateja wangu wasipate barua? Wamekosa nini?

Shangazi_Hesabu: Ni wiki mbili tu dada.

BiMkubwa_Tena: Hapana, wataniuliza kulikoni.

NdegeMnana: Mama ungepunguza hata kidogo. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza, ukiwa mtumaji mkubwa lazima anwani yako ithibitishwe, uweke kitufe cha mtu kujitoa kwa mbofyo mmoja, na wanaokubonyeza spamu wasifike 3 kwa kila barua 1,000.

BiMkubwa_Tena: Unazijua sana sheria za kitu kisichosomwa.

Mzee_wa_Seva: 😂😂 Mnana hapo jifiche.

Kibatari: Mimi naanza na tangazo la jina letu, kesho nalizima. Mwenzangu kasoma huku, anasema kashinda yeye.

NdegeMnana: Haya mama nimekosa. Unatumia programu gani kutuma?

BiMkubwa_Tena: Nikwambie ili?