Je, watu wa bonde la Narmada walishindwa?

Mwalimu wa Kilombero aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma habari za Narmada Bachao Andolan, vuguvugu la kuuokoa mto Narmada nchini India, na kuna jambo linalonisumbua. Wakazi wa bonde lile, wengi wao Waadivasi, yaani wenyeji wa asili, wa makabila ya Bhil na Tadvi pamoja na wakulima wa tambarare za Nimad, walianza kulipinga bwawa la Sardar Sarovar katika miaka ya 1980. Waliandamana kwa miguu, waligoma kula, walikataa kutoka majumbani mwao huku maji yakipanda, na hatimaye wakaenda mahakamani. Hata hivyo, Waziri Mkuu Narendra Modi alilizindua bwawa hilo tarehe 17 Septemba 2017, na Septemba 2019 maji yakafikia kimo chake kamili cha mita 138.68. Vijiji vilivyoguswa ni zaidi ya 240 katika majimbo ya Madhya Pradesh, Maharashtra na Gujarat. Tuseme basi kwamba walishindwa? Nauliza kwa sababu hata kwetu mwananchi anayehoji mradi wa aina hii huambiwa mapema kwamba serikali haishindwi, aokoe muda wake achukue fidia.

Bint Hamadi alijibu:

Mwalimu, ukitazama ukuta wa zege peke yake, jibu ni kwamba walishindwa. Lakini tazama kilichotokea kwa waliotoa fedha. Mwaka 1985 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 450 kwa ajili ya mradi huo. Baada ya maandamano makubwa ya mwisho wa mwaka 1990, ambapo watu walizuiwa na polisi huko Ferkuva, mpakani mwa Gujarat, na kiongozi wa vuguvugu, Medha Patkar, na wenzake wakagoma kula kwa takriban wiki tatu, Benki ililazimika kuunda tume huru chini ya Bradford Morse. Ripoti yake ya Juni 1992 ilisema waziwazi kwamba mradi una kasoro za msingi, na kwamba katika hali iliyokuwapo haikuwezekana kuwapatia makazi mapya ya haki watu wote ambao wangehamishwa. Machi 1993 India iliachana na sehemu ya mkopo iliyobaki, na mwaka huohuo Benki ikaanzisha Jopo la Ukaguzi, ambalo wananchi walioathiriwa na miradi yake wanaweza kulipelekea malalamiko moja kwa moja.

Hapo ndipo jambo hili linapotufikia sisi. Mwaka 2001 wanaharakati wa Uganda, wakiongozwa na shirika la mazingira la NAPE, walilipelekea jopo hilo malalamiko kuhusu bwawa la Bujagali karibu na Jinja, na wakarudi tena mwaka 2007. Bwawa lilijengwa na maporomoko yale, ambayo Wasoga wanayaheshimu kama makao ya mizimu yao, yamezama; lakini mlango waliobisha ulifunguliwa na watu wa Narmada ambao hawakuwahi kukutana nao.

Mhandisi wa Maji alijibu:

Naheshimu maelezo ya dada Bint Hamadi, ila nisingependa upande wa pili usahaulike. Saurashtra na Kachchh, huko Gujarat, ni maeneo ya ukame mkali, na mfereji mkuu wa mradi huu, wenye urefu wa kilomita 458 ndani ya Gujarat, umepeleka maji kwenye miji na vijiji ambavyo zamani vilisubiri magari ya maji. Mradi ulipangwa kumwagilia hekta milioni 1.8 na kuzalisha megawati 1,450 za umeme. Mama wa Kachchh anayefungua bomba leo naye ni mwananchi. Swali langu ni hili: kama kupinga kabisa kungefaulu, yeye angeambiwa nini?

Msomi wa Sheria alijibu:

Mhandisi, swali lako ni la haki, na hata ndani ya bonde lenyewe liliwagawa watu. Kundi la Arch-Vahini, lililofanya kazi na vijiji vya Gujarat, lilipigania ardhi badala ya kusimamisha ujenzi, na mwaka 1987 serikali ya Gujarat ikakubali kuwapa hekta 2 hata wasio na ardhi na waliokuwa wakilima ardhi ya msitu bila hati. Baada ya hapo kundi hilo liliukubali mradi, wakati wenzao waliendelea kusema kwamba hakuna atakayehama na bwawa halitajengwa. Mimi nadhani ushindi ule wa ardhi usingepatikana bila serikali kuogopa upinzani mkali, na ndiyo maana sikubaliani na wanaouona upinzani huo kuwa ukaidi mtupu.

Kuhusu mama wa Kachchh, sheria haikudai achague kati ya maji yake na shamba la mwenzake. Mahakama maalumu ya mgogoro wa maji ya Narmada iliamua mwaka 1979 kwamba familia inayopoteza zaidi ya robo ya ardhi yake ipewe angalau hekta 2 za kumwagilia, na kwamba watu wahamishwe na kupewa makazi kabla maji hayajapanda. Vuguvugu lilidai hukumu hiyo itekelezwe. Mwaka 2000 majaji wawili kati ya watatu wa Mahakama ya Juu waliruhusu ujenzi uendelee, lakini huko Madhya Pradesh familia nyingi zilipewa fedha badala ya ardhi, madalali wakaingia kati, na hati bandia za mauziano zikazagaa. Februari 2017 mahakama hiyohiyo ikaamuru familia 681 zilizokuwa hazijapata chochote zilipwe rupia milioni 6 kila moja. Miaka 38 baada ya hukumu ya kwanza!

Mwalimu wa Kilombero:

Nawashukuru sana. Naona sasa kwamba swali langu lilikuwa finyu. Nina moja zaidi: ni nani waliobaki nje hata ya hukumu hizo?

Msomi wa Sheria:

Ni wengi, Mwalimu. Hukumu ya 1979 ilimhesabu kila mtoto wa kiume mtu mzima kuwa familia inayojitegemea. Binti mtu mzima haikumtaja. Waliopitiwa na mifereji hawakupewa haki sawa na waliozamishiwa mashamba. Na vijiji sita vya Kevadia, karibu na bwawa, ambavyo ardhi yake ilichukuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya makazi ya wafanyakazi wa mradi, viliambiwa kwamba havimo katika orodha ya walioathiriwa, kwa kuwa havikuzama. Karibu na hapo imesimamishwa sanamu ya Sardar Patel, kiongozi wa uhuru wa India, yenye urefu wa mita 182, iliyozinduliwa Oktoba 2018, na wenyeji wa vijiji hivyo wameendelea kuidai ardhi yao.