Mwanza tumechoka na matamasha ya mgeni rasmi! Ngoma na mama ntilie mmewageuza mapambo

Wakuu, heshima kwenu.

Hivi ni nani aliyepitisha kwamba hapa Mwanza hakuna ngoma inayoruhusiwa kulia, wala samaki kuuzwa, mpaka mgeni rasmi awasili? Nauliza kwa nia njema ingawa damu inachemka. Kama ni sheria ndogo ya halmashauri, mwenye nakala aiweke hapa tuisome wote.

Kisa chenyewe ni tamasha la Jumamosi iliyopita upande wa Ilemela. Waandaaji siwataji, wanajijua, na uzi huu utawafikia tu maana vijana wa kurusha picha mitandaoni wanao wa kutosha. Gari la matangazo lilizunguka Kirumba, Kitangiri mpaka Pasiansi likitupigia kelele: ngoma za asili, vyakula vya asili vya Kanda ya Ziwa, kiingilio bure, kuanzia saa 3 asubuhi. Bure ilikuwa kwa watazamaji. Mama yangu mdogo anauza samaki, yeye alilipia meza 50,000, kisha akaambiwa ashone gauni la kitenge cha rangi waliyoichagua wao "ili ipendeze kwenye kamera". Kitenge akanunua, fundi akamlipa.

Siku yenyewe alikuwa soko la samaki la Mwaloni kabla hakujapambazuka, akachagua sato wa kujaa sahani. Nyumbani kulishaandaliwa dagaa, ugali wa muhogo, nsansa (majani ya kunde yaliyokaushwa) iliyoungwa kwa karanga, na matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa) ya kunywea chai. Saa 3 chakula kiko mezani, watu wameshaanza kujaa, mteja wa kwanza ameshika noti ya 5,000 mkononi. Anakuja kijana ana kitambulisho kinaning'inia shingoni: "Mama, hakuna kuuza mpaka mgeni rasmi akague mabanda. Meza zinatakiwa zionekane zimejaa."

Mama mdogo akadhani ni utani. Akamuuliza, "Sasa baba, hawa wenye njaa niwaambieje?" Kijana akasema wasubiri. Wakasubiri kidogo, halafu wakafanya ambacho ningefanya hata mimi: wakavuka barabara wakaenda kula chipsi mayai. Tamasha la vyakula vya asili likamfaidisha muuza chipsi wa ng'ambo ambaye hakulipia meza wala hakushona kitenge. Mgambo nao hawakucheza mbali, kila aliyefunua sufuria akakemewa.

Mnaojua samaki mnajua mwisho wake. Sato wa kukaanga ni wa kuliwa akiwa wa moto. Akipoa ukampasha, akapoa tena ukampasha tena, ngozi inakuwa kama soli ya kandambili. Kufika saa 8 mchana mama mdogo alikuwa anafukuza nzi kwa kipande cha boksi huku akitabasamu, kwa sababu yule kijana wa kitambulisho alipita tena kuwaambia watabasamu, wapiga picha wanakuja.

Sasa hamia upande wa ngoma, ndiko nilikochoka kabisa.

Kilikuwepo kikundi cha bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, kutoka upande wa Misungwi. Waliletwa kwa Fuso usiku, wakaambiwa saa 1 asubuhi wawe wameshajipanga. Wakajipanga. Watu wazima wamevaa njuga miguuni, majembe yamelazwa chini, jua la Mwanza mnalijua linavyorudi kutoka kwenye mawe. Mahema yalikuwepo mengi tu, yamefunikwa vitambaa vyeupe, viti vimefungwa riboni, na vyote vitupu! Mzee mmoja wa ngoma akajisogeza kivulini kwenye kona ya hema, akaondolewa. Kwa adabu, nakiri, lakini akaondolewa.

Pembeni yao alikuwepo kijana wa Bayeye, wale wa ngoma ya nyoka. Chatu wake alikuwa ndani ya gunia. Kila baada ya muda kijana anakuja kwenye meza yetu kuomba maji, anarudi, anachuchumaa, analimwagia gunia polepole, anaweka kiganja juu yake kusikiliza kama mnyama bado anapumua vizuri. Mama mdogo akawa anampa yale maji ya kunawia wateja, kwani wateja wenyewe walikuwa wapi? Katika uwanja ule wote, mtu pekee niliyemwona akimjali msanii mwenzake ni yule kijana na chatu wake.

Saa 9 zikagonga, ving'ora vikasikika, kumbe mgeni rasmi hakuja. Amemtuma mwakilishi. Yaani watu wamekaa na njaa mbele ya chakula kumsubiri mtu ambaye asubuhi ile ile alikuwa anajua hatakuja!

Mwakilishi akaketi, ukaanza utambulisho. Meza kuu wakatambulishwa mmoja mmoja, kila mmoja anasimama anapunga mkono, kisha MC anatuambia itifaki imezingatiwa, kisha mzungumzaji anayefuata anaanza kuizingatia upya. Ikasomwa risala. Ikasomwa hotuba ya mgeni rasmi "kwa niaba yake". Msomaji akatusalimia "Mwangaluka!", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na jua linaelekea kuzama. Waliocheka walicheka, kina mama wa Kisukuma wakaitikia kwa huruma.

Ndipo bugobogobo wakaitwa. Kwa wasioijua, hii ni ngoma ya shambani. Chanzo chake ni kulima kwa pamoja: ngoma inapigwa pembeni, mwendo wa ngoma ndio mwendo wa jembe, na watu wanamaliza eneo ambalo mmoja angelia nalo wiki. Ndiyo maana haianzi kwa kishindo. Wanaanza taratibu, mpigaji anawapima, wanainama pamoja, majembe yanazungushwa mikononi, na ngoma ikishapata moto ndipo yanarushwa hewani na kudakwa. Hapo ndipo uwanja mzima hupiga kelele. Basi walikuwa bado kwenye kuinama, hata jembe moja halijapaa, MC akashika kipaza sauti: "Ahsanteni sana, muda umetubana, makofi kwao!" Wakakatwa hapo. DJ akaachia muziki, akapanda msanii aliyetoka Dar kuchezesha mdomo juu ya wimbo unaojiimba wenyewe. Kwake yeye muda haukutubana.

Kijana wa chatu hakuitwa kabisa.

Nilimfuata kiongozi wa kikundi kumpa pole, akaniambia walichoahidiwa ni nauli, soda na cheti cha ushiriki. Cheti kilikuwa kimeshachapwa jina la kikundi kimakosa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Usukumani hatuhitaji kufundishwa kuandaa shindano la ngoma. Nendeni Bujora, pale Kisesa, barabara ya kwenda Musoma, kwenye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padre David Clement, Mkanada wa shirika la wamisionari la White Fathers. Kila Juni, karibu na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, kunakuwa na Bulabo, tamasha la mashindano ya ngoma. Wanakutana Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vyenye upinzani wa tangu karne ya 19, kabla hata Simba na Yanga hawajazaliwa. Na utaratibu wao wa jadi uko wazi: pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, zikitazamana, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi. Majaji ni miguu ya watazamaji. Upande huu ukipoa, watu wanahamia ule. Ndiyo maana kila manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, anaumiza kichwa mwaka mzima atoe wimbo gani, amtupie mpinzani kijembe gani, aje na kituko gani kipya, na hata ile sifa ya nyoka na fisi kwenye ngoma zetu inatokana na kutafuta watu wahame. Watu walitafuta mpaka dawa za mvuto kwa ajili ya hiyo siku. Mtazamaji alikuwa na thamani kiasi hicho!

Kwenye tamasha lenu mtazamaji amefungiwa nyuma ya kamba, na ngoma imegeuziwa hema jeupe. Wachezaji waliambiwa kabisa wasitupe mgongo meza kuu. Bugobogobo inachezwa kwa kuzunguka, sasa mnazungukaje bila kumpa mtu mgongo?

Na msinielewe vibaya, viongozi hata Kisesa na Bujora wanafika, hakuna anayewakataza. Akija Rais, kama Septemba 2021 Rais Samia alipopewa jina la Chifu Hangaya pale Kisesa, kila mtu anaelewa kwamba kuna ulinzi na kuna kusubiri. Ila siku hizi kila shughuli imekuwa hivyo. Maonesho ya shule, mbio za hisani, fainali ya kombe la kata, uzinduzi wa kisima. Jiji lina vijana wa sarakasi wanaofanya mazoezi bila godoro, lina wachoraji, lina wana hip hop (Fid Q katokea hapa hapa, msisahau), na wote wakiitwa kwenye shughuli huitwa kama "burudani ya kusindikiza". Kumsindikiza nani?

Halafu chakula cha meza kuu. Hili nilitaka nilipite lakini siwezi. Mwakilishi alipomaliza kukagua mabanda, kwa dakika chache, kwa kunyoosha kidole na kuuliza "hii ni nini?", mimi nikategemea sasa ataketi ale. Wapi! Walipelekewa pilau na kuku wa kizungu kutoka kwa mpishi wa kukodi. Ndani ya Mwanza! Mji ambao minofu ya sangara wake inapanda ndege kwenda Ulaya, dagaa wa Mwaloni wanapakiwa malori kwenda Kongo, na sisi wenyewe tulishazoea kubaki na mapanki, mifupa inayobaki minofu ikishatolewa. Siku moja tumesema tuoneshe vya kwetu, sato yuko mita chache kutoka hema, na hakuna hata mmoja aliyeweka tonge la ugali wa muhogo mdomoni. Picha za mezani kwetu lakini wamezirusha, zinapendeza kweli. Mama mdogo anaonekana ametabasamu.

Alichouza siku ile ni baada ya magari kuondoka, kwa bei ya kutupa, kwa vijana wa kufungua mahema.

Wakuu, mimi ninachotaka si kikubwa. Tangazo likisema saa 3, ngoma ilie saa 3 na mama auze saa 3. Mgeni akifika saa 9, akute shughuli inaendelea, apewe kiti, apewe samaki wa moto kutoka kaangoni, akitaka kusema neno aseme. Sidhani kama kuna kiongozi anayefurahia kupokelewa na uwanja wa watu wenye njaa waliokunja sura. Na kikundi cha ngoma kilipwe kama anavyolipwa DJ. Majembe yale wanayanunua, njuga zinatengenezwa kwa hela, Fuso haliendeshwi kwa makofi.

NYONGEZA: Kuna mdau hapo chini anasema wafadhili hawatoi hela bila mgeni rasmi na picha zake. Nimekuelewa mkuu, huenda ni kweli. Lakini wauza chakula waliolipia meza nao si wafadhili? Zidisha 50,000 kwa safu ile ya meza uone nani alibeba tamasha. Wao hata kiti hawakupewa, walikalia ndoo zao.

Mwingine ananiambia nimwambie mama mdogo adai hela yake. Ameshadai. Jana alikwenda ofisini kwao, akajibiwa aandike barua ya malalamiko na aambatanishe risiti. Risiti hakupewa, alilipa mkononi akaandikwa kwenye daftari, na daftari wanasema anatembea nalo mhusika ambaye yuko safarini. Kwa hiyo naomba yeyote aliyelipia meza siku ile na akapewa risiti aseme hapa, aliipata wapi na ilisainiwa na nani.