Taa ya betri ya PLC (kompyuta ndogo ya kuendesha mtambo) imewaka, programu itafutika?

FundiBarafu: Wakubwa salama? Hapa kwa mtambo wa barafu Malindi tuko na PLC ya Mitsubishi FX2N ya kitambo, taa ya BATT.V imewaka tangu juzi na stima zetu mnazijua, ikipotea saa ingine ni usiku kucha, sasa programu si itafutika? Aliyeifunga hakuacha kopi.

BinShela: Ndugu usizime hiyo kitu kwanza!! Programu iko kwa RAM, yaani kumbukumbu inayofutika ikikosa umeme, inashikiliwa na betri ya lithiamu ya volti 3.6, ile F2-40BL. Chomeka laptopu usome programu uisevu, ndio uguse betri. Hapo sasa zima, chomoa, weka mpya ndani ya sekunde 20, kwa hivyo iwe mkononi tayari sio uanze kupasua pakiti.

MamaWaya: Mwekee pia kaseti ya EEPROM, yaani kumbukumbu isiyofutika stima ikipotea, programu ikikaa humo haitaki betri. Lakini hesabu za kaunta na data rejista (nafasi za kuweka namba) bado zategemea betri, hapo wengi huteleza. Ikiwa na paswedi pole, msake huyo fundi.

FundiBarafu: Paswedi hakuna, nimesoma yote nikaweka kopi mbili. Betri naagiza Mombasa, madukani huku naonyeshwa za rimoti tu 😂