Wajukuu wa Keya: mafaili ya bibi zetu watatu

[Jumatatu 06:41] Katibu: Shikamooni wazee, habari za asubuhi wote. Ijumaa saa 4 nakabidhi mafaili ya kuombea bibi zetu watatu msaada wa wajane wa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza huku kwetu): wa Songea, wa Tabora na wa Kilwa. Mpaka sasa hakuna hata moja lililokamilika. Naomba tuamke.

[06:46] Katibu: Narudia. Cheti cha babu cha kuachishwa jeshi, mbele na nyuma, hata kama nyuma unaona mihuri tu. Cheti cha kifo cha babu kutoka RITA, wasajili wa vizazi na vifo. Cheti cha ndoa. Kama ndoa haikusajiliwa, bibi aape mbele ya hakimu au wakili, na mashahidi wawili walioijua ndoa hiyo. Kitambulisho cha taifa cha bibi, cha NIDA. Barua ya mtendaji kwamba yu hai na anaishi hapo, yenye mhuri NA tarehe. Mhuri bila tarehe tulisharudishiwa.

[06:47] Katibu: Majina yafanane karatasi zote. Cheti cha jeshi kikisema Mohamedi na RITA wameandika Muhammad, usifute wala kuongeza herufi kwa kalamu. Unaapa kiapo cha majina, kinaambatishwa.

[09:20] Mjukuu wa Tabora: 👍

[09:21] Katibu: Dole gumba si faili, mdogo wangu. Cheti kiko wapi?

[09:34] Mjukuu wa Tabora: Kipo kaka. Nimekiacha stationari wakipige lamination kisizidi kuchakaa.

[09:34] Katibu: USIPIGE. Kimbia ukakichukue sasa hivi.

[09:36] Katibu: Mashine ile ni moto na gundi. Karatasi ya miaka ya 50 ikishaingia haitoki tena, wino unaweza kufifia, na mhakiki hawezi kuushika mhuri uliobonyezwa kwenye karatasi. Kiweke kwenye bahasha kavu ya karatasi, kilale bapa, kisikunjwe. Picha piga mchana karibu na dirisha, bila flashi, simu iwe sambamba na meza, pembe zote nne zionekane. Halafu tuma kama dokumenti, sio kama picha. Ukituma kama picha inabanwa, 3 na 8 kwenye namba ya jeshi hazitofautiani.

[09:50] Kaka wa Tanga: Picha ya harusi yangu ilipigwa lamination ikaingia kiputo, shemeji yenu mpaka leo anaonekana ameumwa na nyuki 😂

[09:52] Shangazi wa Songea: 😂😂 sio kiputo, ndivyo alivyokuwa amenuna siku ile

[09:53] Kaka wa Tanga: Shangazi!! 😂 Shikamoo

[09:53] Shangazi wa Songea: Marahaba. Mchumba mwenyewe ulichelewa saa tatu.

[09:55] Katibu: Jamani, Ijumaa.

[10:12] Shangazi wa Songea: Haya Katibu. Sisi cheti hatuna, nyumba iliungua. Tuna medali ya nyota ya babu, utepe wa bluu, mstari mwekundu katikati na mistari myembamba ya rangi ya chungwa pembeni. Hiyo haitoshi?

[10:20] Katibu: Hiyo ni Nyota ya Burma, shangazi. Ila peke yake haimtaji mtu. Medali za Vita vya Kwanza zilichongwa namba na jina ukingoni. Nyota za Vita vya Pili Waingereza walizitoa bila jina, kwa hiyo nyota ya babu na nyota ya jirani hazitofautiani. Tafuteni namba ya jeshi: daftari la mshahara, barua aliyotuma akiwa vitani, karatasi ya malipo, hata nyuma ya picha. Na mkumbuke aliitaja batalioni gani. Za Tanganyika wakati ule ziliishia na 6: ya 26 na ya 36 zilikwenda Burma ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mzee akisema "thelathini na sita" na bonde la Kabaw huko Burma, hadithi inakaa sawa na karatasi.

[10:21] Katibu: Na msiisugue kwa majivu na ndimu! Mchongo wa shaba ukilika haurudi. Kitambaa kikavu tu.

[10:40] Shangazi wa Songea: Na mdogo wake babu ambaye hakurudi? Tulimtafuta kwenye ile orodha ya makaburi ya vita, hayumo. Bibi alilia siku nzima.

[10:58] Katibu: Pole sana shangazi. Mpe bibi maneno haya. Orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, kwa vita vya pili, inachukua waliofariki kuanzia tarehe 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947. Jina liliandikwa jinsi karani alivyosikia, kwa hiyo jaribuni L na R, na jina la baba baada ya "s/o" (yaani mwana wa). Waliofia Burma bila kaburi wapo kwenye mnara wa Rangoon, Taukkyan. Waliozama na meli ya Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944 wapo Nairobi, makaburi ya Ngong Road. Watu wanatafuta Burma tu, ilhali wale walizama kabla ya kufika.

[11:01] Katibu: Kwa vita vya kwanza ndiko kuna shimo kubwa. Ripoti ya Tume yenyewe ya 2021 ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao watu wa Afrika Mashariki na Misri. Jina kukosekana si ushahidi kwamba mtu hakwenda.

[11:03] Shangazi wa Songea: Nitamsomea.

[Jumanne 20:17] Binamu wa Kilwa: Nimesoma yote leo. Naona Kilwa tunaambiwa tulete cheti. Cheti gani? Mlikichukua ninyi, halisi, sio nakala. Na baba yetu mkaandika kuwa aliingia jeshi 1960 wakati aliingia 1962. Jina likakataliwa na kurudishwa, tukaonekana waongo mji mzima.

[20:25] Mhazina: Ndugu yangu, tusilifungue hilo hapa.

[20:26] Binamu wa Kilwa: Tulifungue wapi?

[20:31] Katibu: Sikuwa katibu wakati ule, lakini hilo la tarehe una haki. Msaada huu ni wa waliotumikia Taji kabla ya uhuru, na wajane wao. Kwetu mstari ni 9 Desemba 1961, Keya ya 6 ilipogeuka Tanganyika Rifles. Aliyeingia 1962 ni askari kamili, ila mlango wake ni mwingine. Kumsogeza nyuma miaka miwili kulitia shaka orodha nzima, hata ya waliostahili. Faili la safari hii ni la bibi, mke wa babu aliyetoka 1958, na hilo ni safi.

[20:33] Binamu wa Kilwa: Safi bila cheti?

[21:10] Babu Shaushi (anaandikiwa na mjukuu): Nimesomewa. Cheti cha Kilwa kilichukuliwa mezani kwangu, nami nikiwepo. Niliwaambia kitarudi. Kitafutwe. Faili la Kilwa lisipokwenda, hakuna linalokwenda.

[21:58] Katibu: Nimesikia Babu. Shikamoo.

[22:04] Mhazina: Karatasi za zamani zote zipo kwenye sanduku la bati, kwa familia ya katibu aliyetangulia. Sijawahi kuliona wazi.

[Jumatano 07:15] Mjukuu wa Tabora: Nimekipata kabla hakijaingia mashine. Natuma kama dokumenti. Ila NIDA wameshindwa kusoma vidole vya bibi, mara mbili.

[07:22] Katibu: Alhamdulillahi kwa cheti. Vidole vya wakulima wazee vimelika. Aloweshe mikono maji ya uvuguvugu, apake mafuta kidogo, afute kabisa, aende asubuhi kabla ya vumbi. Mwombe afisa ajaribu vidole vyote kumi, asiishie kwenye gumba. Bado ikigoma, aandikiwe barua kwamba amefika na kushindikana, tuiambatishe.

[07:40] Kaka wa Tanga: Mimi naweza kwenda kwenye sanduku kesho jioni. Au keshokutwa alfajiri.

[07:41] Katibu: Keshokutwa ndiyo Ijumaa, kaka.

[07:44] Binamu wa Kilwa: Nitakuwepo wakati linafunguliwa. Sitaki kupigiwa simu.

[07:45] Katibu: Sawa, ni haki yako. Naomba kuongezewa siku kwa Ijumaa, sijui kama watakubali. Wa Songea na Tabora endeleeni kana kwamba ni Ijumaa ileile.

[12:30] Kaka wa Tanga: Ufunguo wa sanduku anao nani?